Poka ya Omaha: mbili za mkononi, tatu za mezani

Omaha ni mchezo wa karata wa jamii ya poka ambao kila mchezaji hugawiwa karata nne za siri, kisha karata tano huwekwa wazi mezani kwa matumizi ya wote. Mshindi ni mwenye fungu bora la karata tano, na fungu hilo lazima liwe na karata mbili za mkononi na tatu za mezani, si zaidi wala si pungufu. Sharti hilo la mbili na tatu ndilo linaloitenga Omaha na ndugu yake maarufu zaidi, Texas Hold'em, ambayo humgawia mchezaji karata mbili tu na kumwachia achague tano zozote kati ya saba anazoziona. Taratibu za kuweka dau na daraja za mafungu hazitofautiani sana.

Jina ni la mji wa Omaha, katika jimbo la Nebraska nchini Marekani, lakini umaarufu wa mchezo wenyewe ulitoka Las Vegas. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 mchezaji Robert Turner aliupeleka kwa Bill Boyd, aliyekuwa akisimamia poka katika kasino ya Golden Nugget, na ukaanza kuchezwa hapo kwa jina la Nugget Hold'em. Baadaye jina la kasino lilisahaulika, la mji likabaki. Kiswahili hakina sababu ya kulitafsiri. Neno poka ndilo lenye kitendawili kidogo, kwa kuwa limegongana na kitenzi cha zamani poka, chenye maana ya kunyang'anya kwa nguvu. Aliyeacha mshahara wake mezani huenda asione kosa lolote hapo. Kwa matumizi ya kawaida inatosha kusema "mchezo wa poka", na utata unakwisha.

Istilahi inayosumbua hasa ni mkono. Katika lugha ya kasino za Marekani neno hilo moja hubeba vitu vitatu: karata alizogawiwa mchezaji, karata tano anazoshindania, na mchezo mzima tangu kugawa hadi kulipana. Kwenye Texas Hold'em mchanganyiko huo hauleti hasara kubwa. Kwenye Omaha huleta, maana mchezaji ana karata nne na mbili kati ya hizo hazitahesabiwa kabisa. Kiswahili kinaweza kuvitenganisha vitu hivyo bila taabu. Mkono ziwe zile karata nne za siri. Fungu liwe zile tano za kushindania. Na kipindi kizima kiitwe raundi. Mwalimu akishika tofauti hiyo tangu siku ya kwanza, nusu ya makosa ya wanafunzi wake hayatatokea.

Majina ya karata zenyewe yapo tangu zamani, na mengi yaliingia kutoka Kireno: kopa, uru, pau na shupaza ndizo aina nne. Ree ndiyo karata ya juu kabisa, ikifuatwa na basha, bibi na ghulamu, halafu namba kutoka 10 kushuka hadi 2. Ree inaweza pia kushuka chini ya 2 pale mfuatano unapoihitaji. Waliozoea michezo ya turufu wafahamu kwamba kwenye poka turufu haipo. Ree ya shupaza haina cheo chochote zaidi ya ree ya pau.

Raundi huanza kwa madau ya lazima. Wachezaji wawili walioketi kushoto kwa mgawaji huweka kete kabla ya kuona karata yoyote, wa kwanza dau dogo na wa pili dau kubwa, ambalo kwa kawaida ni maradufu ya lile dogo. Kete ndilo neno linalofaa kwa vile vidude vya duara vinavyowakilisha pesa. Anayesema chipsi atafikiriwa kuwa na njaa. Kisha kila mtu hugawiwa karata nne kifudifudi, na awamu ya kwanza ya kuweka dau inafuata. Baada yake mgawaji hufunua karata tatu kwa mpigo katikati ya meza. Awamu ya pili huja, karata ya nne hufunuliwa. Awamu ya tatu, na karata ya tano. Awamu ya nne ndiyo ya mwisho, na waliobaki hufunua mikono yao. Tafsiri ya neno kwa neno ya majina ya Kimarekani ya hatua hizi ingezaa mto na kona mahali pasipo na mto wala kona. "Tatu za mwanzo", "ya nne" na "ya tano" zinaeleweka mara moja, hata kwa asiyewahi kuingia kasino.

Zamu ya mchezaji ikifika, ana njia chache. Ikiwa hakuna aliyeweka dau, anaweza kupisha, yaani kuiacha zamu ipite bila kulipa, au kuweka dau mwenyewe. Ikiwa dau limewekwa, anaweza kulifuata kwa kulipa kiasi kilekile, kupandisha dau, au kutupa karata na kujitoa katika raundi hiyo. Kupandisha dau kila Mswahili anakujua hata kama hajawahi kushika karata. Vivyo hivyo kupiga mkwara: mchezaji asiye na kitu anapandisha dau kwa nguvu ili wenzake waogope na kujitoa. Kwenye Omaha mkwara hufanikiwa mara chache kuliko mgeni anavyotarajia, kwa sababu penye karata nne kwa kila mtu ni nadra wapinzani wote kukosa kitu.

Kete zilizokusanyika katikati zinaitwa kitita. Neno hili ni bora kuliko chungu, ambalo lingekuwa tafsiri ya neno kwa neno tu, na linabebana vizuri na utaratibu unaotumika sana kwenye Omaha, wa ukomo wa kitita. Maana yake ni kwamba hakuna anayeruhusiwa kupandisha dau kwa kiasi kinachozidi kitita kilichopo, kikihesabiwa baada ya yeye kulipa dau lililo mbele yake. Tuseme kitita kina kete 1,000 na mpinzani ameweka 500. Mchezaji anahesabu kwanza malipo yake ya 500. Sasa kitita kimekuwa 2,000, na hicho ndicho kiwango cha juu cha kupandisha. Kwa jumla atasukuma mbele kete 2,500. Wazoefu hukata njia: mara tatu ya dau la mwisho, jumlisha kitita kilichokuwapo kabla ya dau hilo. Jibu ni lilelile.

Daraja za mafungu ni zile za poka ya kawaida. Juu kabisa kuna mfuatano wa aina moja, kwa mfano 5 hadi 9 zote za kopa. Chini yake kuna nne zinazolingana, kisha tatu na jozi, kama vile bibi watatu na 6 mbili. Fungu hilo Wamarekani huliita nyumba iliyojaa, jina ambalo kwa Kiswahili lingemfanya msikilizaji aulize wageni wamefika saa ngapi. Hufuata karata tano za aina moja zisizofuatana, halafu mfuatano wa aina mchanganyiko, tatu zinazolingana, jozi mbili, jozi moja, na mwisho karata ya juu peke yake. Ikumbukwe kwamba jozi hapa ni karata mbili zinazolingana. Matumizi ya zamani ya "jozi ya karata" kwa maana ya karata zote 52 yangeleta vurugu, na ni afadhali kusema pakiti.

Sharti la mbili na tatu huonekana rahisi kwenye maandishi, lakini mezani huwaangusha hata waliocheza Texas Hold'em kwa miaka. Chukua mchezaji mwenye ree ya shupaza, basha wa kopa, 9 ya uru na 9 ya pau. Mezani pana 2, 6, 8 na 10, zote za shupaza, na basha wa uru. Mgeni ataona shupaza nne mezani na ree ya shupaza mkononi, atahesabu tano na kuanza kuvuta kete. Hana haki nazo. Mkononi ana shupaza moja tu, na mezani haruhusiwi kuchukua zaidi ya tatu, kwa hiyo hawezi kufikisha tano. Alichonacho ni jozi ya basha, ikisindikizwa na ree. Mpinzani mwenye 3 na 4 za shupaza, karata ambazo kwa macho ni takataka, anamshinda.

Mfano wa pili ni wa ree nne. Kugawiwa ree zote nne kwa mpigo ni ndoto ya anayeanza, na kwenye Omaha ni balaa. Mbili tu ndizo zitakazotumika, hivyo huo ni mkono wa jozi moja. Ubaya wake zaidi ni kwamba hakuna ree nyingine iliyobaki kwenye pakiti ya kuja kuikamilisha kuwa tatu. Hata tatu zinazolingana mkononi zina kasoro hiyohiyo kwa kiasi, kwa kuwa moja inakaa bure na wakati huohuo imeondolewa miongoni mwa zile zinazosubiriwa. Ujumla wa jambo hili ni kwamba wingi wa karata nzuri hauhesabiwi. Kinachohesabiwa ni karata mbilimbili zinazoweza kufanya kazi pamoja.

Hesabu yake ni hii. Karata nne hutoa michanganyiko 6 ya mbilimbili, na karata tano za mezani hutoa michanganyiko 10 ya tatutatu. Mchezaji ana mafungu 60 ya kukagua mwishoni. Mikono ya kuanzia ya Texas Hold'em ni 1,326. Ya Omaha ni 270,725. Ndiyo maana hakuna orodha ya kukariri inayosaidia sana, na mwalimu afanye kazi ya kumzoeza mwanafunzi kuangalia kila mchanganyiko kati ya ile 6. Mkono wenye ree mbili na basha wawili, ukiwa umegawanyika katika aina mbili tu, ni miongoni mwa mikono bora kabisa, kwa kuwa karibu kila mchanganyiko wake una la kufanya. Ghulamu, 10, 9 na 8 ni mkono imara pia. Lakini basha, 9, 6 na 2 za aina nne tofauti ni karata zisizojuana, na dawa yake ni kuzitupa.

Nguvu ya karata zinazoshirikiana huonekana wazi kwenye mfuatano. Mchezaji ana ghulamu, 10, 7 na 6. Tatu za mwanzo ni 9, 8 na 2. Bado hana kitu, ila atapata mfuatano ikija bibi, ghulamu, 10, 7, 6 au 5. Bibi wako 4 na 5 ziko 4. Kati ya zile anazozishika mwenyewe zimebaki 3 za kila namba. Jumla ni karata 20 kati ya 45 asizoziona, na zikiwa zimesalia karata mbili za kufunuliwa, uwezekano wa kuukamilisha ni karibu asilimia 70. Kwenye Texas Hold'em mtu mwenye karata nne zinazofuatana husubiri 8 tu. Hapa ndipo mgeni hupata hamasa, na hapa pia ndipo huumia, kwa sababu si kila mfuatano unaopatikana ni wa juu. Ikija 10, mchezaji huyu ana mfuatano wa hadi ghulamu, lakini mpinzani mwenye bibi na ghulamu anamshinda kwa mfuatano wa hadi bibi. Tena karata tatu za aina moja zikitokea mezani, mfuatano wowote unaweza kupitwa na karata tano za aina moja. Kanuni ya wazoefu ni kusubiri fungu lisiloshindika, na kutolipia lile linaloshika nafasi ya pili.

Kuna namna ya mchezo inayogawa kitita, ambayo inaweza kuitwa Omaha ya juu na chini. Nusu huenda kwa fungu la juu na nusu kwa fungu la chini, ambalo lazima liwe na karata tano tofauti zisizozidi 8, ree ikihesabiwa kuwa 1. Mifuatano na aina moja haviharibu fungu la chini, hivyo bora kabisa ni ree, 2, 3, 4 na 5. Sharti la mbili na tatu linabaki palepale, na mchezaji anaruhusiwa kutumia karata mbili za kuelekea juu na mbili nyingine za kuelekea chini. Mezani pasipokuwa na karata tatu tofauti za 8 kushuka, hakuna fungu la chini na kitita chote kinachukuliwa na wa juu. Wawili wakilingana chini, kila mmoja anaondoka na robo, na robo hiyo mara nyingi haifikii hata alichoweka.

Kwa anayefundisha, raundi za kwanza zichezwe karata zikiwa wazi, kwa kete zisizo na thamani, na kila mwanafunzi azisukume mbele karata zake mbili kabla ya kutaja fungu lake. Asiyeweza kuonesha zile mbili hajapata fungu. Meza ya pesa ni habari nyingine: nchini Tanzania kasino husimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza.