"Huyu ni kichwa": Sifa inayoweza kumpunguzia mwanafunzi kujiamini

Wapo wanafunzi wanaoamini akili ni ya kuzaliwa nayo: unayo au huna. Wengine wanaamini akili hukua kadiri mtu anavyojifunza. Masomo yakiwa mepesi, huwezi kuwatofautisha. Tofauti inaonekana siku ya kufeli.

Mwaka 1998 wanasaikolojia wa Marekani, Claudia Mueller na Carol Dweck, walichapisha utafiti kuhusu watoto wa darasa la tano. Watoto walifanya mafumbo, kisha wakasifiwa. Baadhi waliambiwa wana akili, wengine kwamba wamejitahidi. Baadaye wote walipewa mafumbo magumu, yakawashinda.

Waliporudi kwenye mafumbo ya kiwango cha mwanzo, waliosifiwa akili walifanya vibaya kuliko mara ya kwanza. Waliosifiwa juhudi walifanya vizuri zaidi.

Kwa nini iwe hivyo?

Anayeamini akili haibadiliki huchukulia alama mbaya kama hukumu: "Kumbe mimi ni kilaza." Anaanza kukwepa maswali magumu na kuona aibu kuuliza. Mwenzake anaumia pia, ila anajiambia: "Njia hii imenishinda, ngoja nijaribu nyingine." Kujiamini kwake hakuning'inii kwenye mtihani mmoja.

Utafiti wa mwaka 2007 uliwafuatilia wanafunzi 373 wa New York kwa miaka miwili kuanzia darasa la saba. Walioamini akili hukua, alama zao za hesabu zilipanda. Wenzao walibaki palepale.

Lakini hii siyo dawa ya kila kitu. Mwaka 2019, jarida la Nature lilichapisha utafiti wa wanafunzi zaidi ya 12,000 wa Marekani. Somo la mtandaoni la chini ya saa moja kuhusu imani hii liliwapandisha wenye alama za chini kwa pointi 0.1 tu kwenye wastani wao. Lilisaidia zaidi kwenye shule ambazo wanafunzi wenyewe waliona kujaribu maswali magumu ni jambo la kawaida.

Mzazi au mwalimu afanye nini?

- Sifia alichofanya: "Umerudia hatua ya pili, ukaona kosa."
- Akifeli, muulize amekwama wapi, siyo kwa nini hajui.
- Usiishie kwenye "kaza buti". Juhudi bila njia mpya humchosha, na mwisho anaamini kweli hana akili.