Daftari la Mwalimu Asiyekuwapo: Historia Fupi ya Maandalio ya Somo katika Wilaya ya Kalehe

1. Utangulizi

Historia ya elimu huandikwa mara nyingi kwa kuhesabu shule, wanafunzi na mishahara. Makala haya yanakusudia kutazama kitu kidogo zaidi, nacho ni daftari ambalo mwalimu huliacha mezani. Mwalimu asipofika darasani huzuka maswali mawili: nani atafundisha, na atafundisha nini? Swali la kwanza ni la utawala. La pili hujibiwa na maandishi, au halijibiwi kabisa. Tutajaribu kuonyesha jinsi lilivyojibiwa katika Kalehe, wilaya ya Kivu Kusini iliyo kwenye pwani ya magharibi ya Ziwa Kivu, tangu enzi za daftari la wino hadi hizi za simu ya mkononi. Hoja yetu ni kwamba vyombo vimebadilika mara nyingi, lakini maandishi yenyewe yamebaki yakimsemesha mtu asiyehusika.

2. Daftari kama shahidi

Shule za kwanza za Kivu zilikuwa za wamisheni. Mapatano ya mwaka 1906 baina ya Dola Huru ya Kongo na Vatikani yaliwapa wamisheni Wakatoliki ardhi, nao wakaahidi kufungua shule. Mwaka 1929 serikali ya Ubelgiji ilitoa kanuni zilizojulikana kwa rangi ya jalada lake, yaani Kitabu cha Manjano. Kwa kanuni hizo, misheni zilizohesabiwa kuwa za kitaifa zilipata ruzuku, kwa sharti la kufuata programu iliyowekwa na kukubali ukaguzi. Waprotestanti walingoja ruzuku hiyo hadi baada ya Vita Kuu ya Pili.

Sharti la ukaguzi ndilo linalotuhusu hapa. Mkaguzi hawezi kukaa katika kila darasa. Kwa hiyo daftari lilikaa mahali pa macho yake. Mwalimu, aliyeitwa monita siku zile, aliandika tarehe, somo, saa na lengo, kisha akangoja sahihi ya mkubwa. Jurnali ya darasa na fishi ya maandalio, ambazo hata leo kila mwalimu wetu hudaiwa, ni urithi wa desturi hiyo ya shule za Kibelgiji. Daftari lilizaliwa likiwa shahidi wa kazi iliyofanyika. Halikukusudiwa kuwa daraja la kumvusha mwalimu mwingine aingiaye darasani asubuhi bila habari.

3. Walimu wa badala kutoka mbali

Tatizo hilo lilidhihirika mwaka 1960. Wabelgiji wengi waliokuwa wakifundisha katika shule za sekondari waliondoka mara baada ya uhuru, nayo UNESCO ikaombwa kutafuta walimu wa kushika nafasi zao. Miongoni mwa waliokuja walikuwamo watu wa Haiti, ambao Kifaransa kiliwawezesha kuanza kazi pasipo kukawia. Mwaka 1961 Taasisi ya Taifa ya Ualimu ilifunguliwa Léopoldville ili nchi ipate walimu wake yenyewe.

Mgeni aliweza kuchukua nafasi ya mwenzake kwa kuwa programu, vitabu na lugha ya darasa vilikuwa kitu kimoja, yaani Kifaransa. Katika madarasa ya chini ya shule ya msingi mambo hayakuwa hivyo. Mapema miaka ya 1960 Kifaransa kiliwekwa kuwa lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza, lakini katika miaka ya 1970 lugha za taifa zilirudishwa katika madarasa hayo. Miaka hiyohiyo serikali ilizitwaa shule za makanisa, kisha ikazirudisha chini ya uongozi wao kwa mapatano ya Februari 1977. Katika mageuzi yote hayo daftari halikuguswa. Liliendelea kuandikwa kwa Kifaransa, hata pale somo lilipotolewa kwa Kiswahili.

4. Utoro usiokuwa kosa

Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, mishahara ya serikali ilipokuwa si kitu tena, wazazi walichukua mzigo wa kuwalipa walimu. Tena palizuka kundi kubwa la walimu waitwao kwa Kifaransa nouvelles unités, wanaofundisha huku wakingojea majina yao yaingizwe katika orodha ya malipo. Katika hali hiyo utoro wa mwalimu haukuwa lazima uvivu. Palikuwa na shamba la kulima, na safari ya kufuatilia malipo Bukavu kwa barabara ya taifa namba 2 au kwa boti. Mwalimu mkuu alibaki na njia chache: kuunganisha madarasa mawili, kumwita mwalimu mstaafu, au kumpa kiongozi wa darasa chaki anakili somo ubaoni. Elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa Septemba 2019, madarasa yalijaa, na kuunganisha kukawa kugumu zaidi.

5. Redio, kisha simu

Dunia ilikuwa imejaribu dawa nyingine. Nicaragua ilianza kufundisha hesabu kwa redio mwaka 1974. Kenya ilifanya mradi wa kufundisha Kiingereza kwa njia hiyo kati ya 1980 na 1985. Katika masomo hayo sauti ya redio huuliza, watoto hujibu, na mwalimu aliyepo hufuata maelekezo. Kongo ilipofunga shule tarehe 19 Machi 2020 kwa sababu ya Korona, masomo yalitangazwa redioni huku pia. Hata hivyo redio husema na nchi nzima kwa mara moja. Haijui kwamba darasa la tatu la Nyabibwe limeishia ukurasa gani.

Hapo ndipo simu ilipoingia kwa faida. Vyombo vingi vya kujifunzia vya intaneti hudhani kwamba kila mwanafunzi ana mtambo wake na umeme wa kuuchaji. Katika vijiji vya Kalehe, simu ya darasa ni ile iliyo mfukoni mwa mwalimu. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza si kumfikia mwanafunzi, bali kumfikisha mwalimu kwa mwalimu mwenzake: ukurasa wa daftari hupigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp kwa mwalimu mkuu au kwa atakayeshika darasa.

Thamani ya jambo hili haipimwi kwa urahisi wake tu. Tarehe 4 Mei 2023 mafuriko yaliporomoka juu ya Bushushu na Nyamukubi, yakaua watu zaidi ya 400 na kuharibu shule pia. Mapema mwaka 2025 vita vilipita Minova, Nyabibwe na hatimaye Bukavu, na familia nyingi, zikiwamo za walimu, zikahama. Daftari lililo peke yake hupotea pamoja na mwenyewe. Nakala iliyo katika simu tatu haipotei kwa mkondo mmoja wa maji.

6. Lugha ya andalio

Lakini picha ya daftari hubeba kasoro za daftari. Sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na za mazingira kuwa lugha za kufundishia. Andalio bado halisemi neno kuhusu lugha hiyo. Watoto wa ziwani huzungumza Kihavu, wa Bunyakiri Kitembo, na wengi wa milimani Kinyarwanda. Tuseme mwalimu alifundisha kutoa kwa kutumia neno "kuazima". Wa badala aliyetoka Bukavu akaja na "kukopa". Fishi inasema soustraction tu. Mtoto ataona ni somo jipya, wala hatathubutu kuuliza.

Jirani zetu wa Tanzania wana istilahi zao, azimio la kazi na andalio la somo, nao huziandika kwa Kiswahili. Hatuhitaji kuiga kila kitu. Tunapendekeza mistari mitatu tu chini ya kila fishi, kwa Kiswahili: tumeishia wapi, tumetumia maneno gani, na mtoto yupi asiachwe nyuma.

7. Hitimisho

Kwa karibu karne moja mwalimu wa Kalehe ameandika ili akaguliwe. Intaneti imempa msomaji wa pili, yaani mwenzake anayeingia darasani kwa niaba yake. Taasisi zetu za ualimu zinaweza kuanza kazi hii mwaka wowote, kwani haihitaji mtambo mpya. Inahitaji kuwafundisha wanafunzi wa ualimu kumwandikia msomaji huyo wa pili.