Kusoma Sussex, Uingereza: chumba, garanti na jiko la watu sita

Kila mwaka vijana wachache wa Goma, Bukavu, Uvira, Butembo ao Bunia wanapata nafasi ya kwenda kusoma Uingereza. Wako wachache kwa sababu njia ya Mkongomani kwenda kusoma nje imezoea kupita kwenye Kifaransa: Ubelgiji, Ufaransa, Kanada. Anayepata Uingereza, jamaa inamuuliza maswali mawili: nani atalipa minervali, na utalala wapi? Swali la kwanza linapata jibu mapema, kwani bila jibu hakuna viza. La pili linaachwa mpaka valizi zimefungwa, na njo hilo linaloleta machozi mengi kuliko mitihani.

Mfano mzuri ni Chuo Kikuu cha Sussex. Kiko Falmer, kilometa kama sita kutoka mji wa Brighton, kwenye pwani ya kusini ya Uingereza. Kilipata hati yake ya kifalme 1961, na majengo yake ya kwanza ya matofali mekundu yalichorwa na Basil Spence. Kinajulikana sana kwa masomo ya maendeleo, maana kwenye kampasi hiyohiyo kuna Taasisi ya Masomo ya Maendeleo, IDS, iliyoanzishwa 1966. Kwa hiyo mtu aliyemaliza ISDR Bukavu na kufanya kazi miaka kadhaa katika mashirika, jina la Sussex si geni kwake.

Si geni kwa Afrika pia. Thabo Mbeki alisoma uchumi pale katika miaka ya 1960. Ni yule ambaye akiwa rais wa Afrika Kusini nchi yake iliwapokea Wakongomani kwa mazungumzo ya Sun City, 2002. Juni 1964, wakati baba yake Govan Mbeki alikuwa kwenye kesi ya Rivonia pamoja na Mandela, kijana huyo na wenzake walitembea kwa miguu usiku kutoka Brighton hadi London kuwaombea wale washitakiwa. Festus Mogae, aliyekuja kuwa rais wa Botswana, naye alipita Sussex. Wakati ule chuo kilikuwa bado hakina vyumba vya kutosha, na wanafunzi wengi walilala katika nyumba za wageni za Brighton, zile za watalii wa baharini, chini ya macho ya mama mwenye nyumba. Leo mambo yamebadilika, lakini shida ya kitanda haijaisha.

Pesa kabla ya kitanda

Minervali ya masta kwa mgeni mara nyingi inapita pauni 20,000 kwa mwaka. Ni pesa ya nyumba nzuri pale Goma. Njo maana karibu kila Mkongomani anayefika anategemea bursi. Inayojulikana zaidi ni Chevening, ya serikali ya Uingereza: inalipa minervali, tiketi ya ndege na pesa ya kuishi kila mwezi kwa masta ya mwaka mmoja. Inadai diploma ya chuo kikuu, uzoefu wa kazi wa miaka miwili, na mtu arudi nchini kwake kwa miaka miwili akimaliza. Bursi za Commonwealth, hapana: Kongo haimo katika jumuiya hiyo. Rwanda iliingia 2009, na hapo vijana wawili wanaotenganishwa na barrière ya Goma na Gisenyi hawana milango ileile.

Anayelipiwa na jamaa anakutana na sheria ya siku 28. Kwa chuo kilicho nje ya London, serikali inataka kuona pauni 1,171 kwa kila mwezi, mpaka miezi tisa, kulingana na kiwango kilichoanza Novemba 2025. Jumla yake ni pauni 10,539, juu ya minervali, na pesa hiyo ikae katika konti siku 28 mfululizo bila kushuka. Karatasi inayothibitisha hilo ni ya benki. Sasa mtu akumbuke mwanzo wa 2025, wakati mabenki yalifunga milango Goma na kisha Bukavu. Mfanyabiashara aliyekuwa na pesa mkononi hakuwa na benki ya kumwandikia, na pesa iliyo ndani ya sanduku ao kwenye simu haimsaidii mtoto wake mbele ya ofisi ya viza.

Juu ya hiyo kuna malipo ya afya: pauni 776 kwa kila mwaka wa viza. Masta ya mwaka mmoja inapewa viza ya zaidi ya mwaka, kwa hiyo malipo yanafikia pauni 1,164, na yanalipwa yote kabla ya kusafiri. Mzuri wake ni kwamba akifika, anajiandikisha kwa daktari wa mtaa na kumwona bila kulipa tena. Wengine wanachelewa kujiandikisha mpaka wamekuwa wagonjwa. Ni kosa, maana kazi yenyewe ni ya fomu moja tu. Mkongomani anadaiwa tena kipimo cha kifua kikuu kabla ya viza, na Kiingereza cha kiwango cha chuo kikuu. Hicho Kiingereza ndicho kinawarudisha nyuma wengi waliosoma kwa Kifaransa tangu shule ya msingi.

Homu ya huko

Wanafunzi wa Kongo wanaitaka homu yale majengo ya kulala ya kampasi, kama ya Kasapa, Lubumbashi. Huko nako kuna homu, lakini mtu asifikirie vitanda vinne katika chumba kimoja na jirani analala chini. Kila mmoja anapewa chumba chake chenye kitanda, meza, kabati na radiateri ya joto. Chumba cha bei ya chini kinashiriki dushi na wengine. Cha bei kubwa kina dushi yake ndani. Sussex ina majengo kama East Slope, Northfield, Swanborough, Lewes Court na Stanmer Court. Bei inahesabiwa kwa wiki, na hapa wageni wanadanganyika: wanaona pauni 150 wanafikiri ni ya mwezi. Vyumba vinaenda kutoka pauni mia na kitu mpaka kupita 200 kwa wiki. Umeme, maji, joto na intaneti vimo ndani ya bei, na hiyo si kitu kidogo kwa mtu aliyezoea kungoja SNEL.

Kwa kawaida mgeni wa mwaka wa kwanza anahakikishiwa nafasi, lakini kwa masharti: aombe kabla ya tarehe iliyowekwa, na alipe pesa ya kwanza mara tu akipewa chumba. Viza ikichelewa, mtu anaogopa kulipa. Asipolipa, chumba kinaenda kwa mwingine. Mkataba nao si wa mwezi kwa mwezi. Ni wa wiki 40 na kitu, ao mwaka mzima, na anayesaini anadaiwa mpaka mwisho hata akiona majirani wana kelele.

Kelele itakuwepo. Wiki ya kwanza ya mwaka, mwishoni mwa Septemba, ni ya kukaribisha wapya: muziki, pombe, vijana wa miaka 18 ambao ni mara yao ya kwanza kutoka kwa wazazi. Mtu wa miaka 30 aliyeacha bibi na watoto Bukavu anajikuta katikati. Na hawezi kuwaleta: tangu Januari 2024, mwanafunzi wa masta ya kawaida haruhusiwi kuja na bibi, bwana ao watoto. Ruhusa imebaki kwa wale wa doktora, wa masta za utafiti, na wanaolipiwa bursi na serikali. Anayeomba nafasi aeleze umri wake na kwamba anafanya masta, ili awekwe katika nyumba ya watu wazima wanaotafuta utulivu. Ofisi ya makazi haiwezi kujua bila kuambiwa.

Jiko ni la wote. Watu watano, sita, wakati mwingine wanane, kila mmoja na kabati yake na sehemu yake katika frigo. Mchina, Mnigeria, Mwingereza, Mhindi, Mkongomani. Hapa njo urafiki unaanzia, na hapa njo ugomvi unaanzia: nani ameacha sufuria chafu, nani amekunywa maziwa ya mwingine. Wakongomani wanashangaa kwamba kila mtu anapika chakula chake mwenyewe na kukila mbele ya wenzake bila kusema karibu. Si uchoyo, ni desturi tu, na mara nyingi mwenye kuanza kugawa ndiye anayepata watu wa kula naye.

Kitu kingine ni kengele ya moto. Inasikia moshi haraka kuliko mtu. Anayekaanga ndagala akisahau kufungua dirisha na kufunga mlango wa jiko, atatoa jengo zima nje katika baridi, watu wakiwa na nguo za kulala. Na kutoka ni lazima, hata kila mtu akijua ni samaki. Mishumaa na ubani ni marufuku vyumbani. Mtu akifunika kifaa hicho kwa mfuko wa plastiki, analipa faini, na anastahili.

Sombe na unga wa bugali vinapatikana, si kwenye duka la kampasi, ila mjini Brighton, na zaidi London, ambako treni inafika kwa muda wa saa moja hivi. Kaskazini ya London, upande wa Tottenham, kuna Wakongomani wengi. Bei yake inaumiza. Mchele, maharagwe na kabichi ya duka kubwa ndivyo vinavyomfikisha mwisho wa mwezi.

Jua linapotua saa kumi

Kivu iko karibu na ikweta, na jua linatua karibu na saa kumi na mbili mwaka mzima. Brighton, katikati ya Desemba, jua linaenda kabla ya saa kumi ya jioni, na linatoka karibu saa mbili ya asubuhi. Mtu anaingia maktaba kukiwa mwanga na kutoka usiku, na bado hata chakula cha jioni hajafikiria. Mvua ya huko si ile ya kwetu ya kupiga na kuisha. Ni ya upepo wa baharini, nyembamba, siku nzima. Koti nzito linunuliwe kulekule, kwenye maduka ya vitu vilivyotumika, kwa bei ndogo.

Giza hilo linafanya kazi ndani ya kichwa. Wakati wa Krismasi Waingereza wanarudi kwao, jiko linakuwa tupu, na simu kutoka nyumbani inaleta habari za mitaa inayopigwa risasi. Saa ya Bukavu iko mbele kwa saa mbili wakati wa baridi, basi anayengoja kumaliza somo ili apige simu anakuta watoto wamelala. Vyuo vina washauri wa bure wa kuongea nao, na Wakongomani wengi hawaendi kwa kufikiri ni mahali pa wenda wazimu. Wengi wanapata pumzi katika kanisa. Kuacha masomo kwa huzuni ni hatari mara mbili: chuo kinahesabu mahudhurio, na mwenye viza akipotea, kinalazimika kuiarifu serikali.

Kazi inaruhusiwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, isizidi. Inasaidia kununua chakula. Haiwezi kulipa minervali, na jamaa inayopanga hivyo inajidanganya.

Nje ya kampasi

Anayekosa homu, ao anayeiona ghali, anatafuta nyumba ya kushiriki na wenzake kwenye Lewes Road na Moulsecoomb, ambako bisi namba 25 inapita kwenda Falmer, ao Bevendean. Bei inaweza kushuka, lakini umeme, gesi na intaneti vinalipwa mbali, na nyumba nyingi za zamani zina ukungu kwenye kuta. Kodi ya manispaa mwanafunzi wa muda wote hailipi, mradi alete karatasi ya chuo.

Garanti, tofauti na miezi mitatu ao sita ya Goma, ina mpaka wa sheria: tangu 2019, kwa nyumba za kawaida England, haipiti kodi ya wiki tano, na mwenye nyumba lazima aiweke katika mfuko uliokubaliwa na serikali ndani ya siku 30. Shida kubwa ni mdhamini. Wanadai mtu anayeishi na kufanya kazi Uingereza, aweke saini kwamba atalipa ukishindwa. Mkongomani atamtoa wapi? Zamani jibu lilikuwa kulipa miezi sita mbele. Sheria iliyopitishwa Oktoba 2025 imekataza: kuanzia 1 Mei 2026 mwenye nyumba wa kawaida haruhusiwi kudai kodi ya zaidi ya mwezi mmoja mbele. Wengine wanaona itawalinda wageni. Wengine wanaogopa kwamba wenye nyumba watakaza zaidi upande wa mdhamini. Vyuo vingine vinakubali kuwa mdhamini, na kuna kampuni zinazofanya kazi hiyo kwa malipo. Ni swali la kuuliza chuo kabla ya kupanda ndege.

Na mtu yeyote anayeonyesha picha za nyumba nzuri kwenye intaneti, kwa bei ndogo, akitaka pesa itumwe kabla mtu hajaiona, ni mwizi. Wageni wanaibiwa hivyo kila Septemba. Afadhali kulipa hosteli wiki mbili na kutafuta kwa miguu.

Masta inaisha Septemba, kitabu kikikabidhiwa. Mkataba wa chumba wakati mwingine umeisha wiki kadhaa nyuma, na mwanafunzi anamalizia kurasa za mwisho kwenye godoro la rafiki. Viza inampa miezi minne tena. Sufuria na blanketi anaviacha jikoni kwa atakayefika baadaye, chumba kinakaguliwa, na doa kwenye kapeti linakatwa katika garanti.