Risasi 200 za Mirambo

Kwetu Ushetu leo ukimwambia mtu "shindilia", atawaza gunia la pamba. Babu zake wangewaza bunduki. Gobore halina magazini. Baruti humiminwa mdomoni mwa mtutu, ikafuata gololi, vyote vikashindiliwa kwa mdeki, ule ufito mrefu, na mwisho huwekwa fataki. (Ndiyo, fataki. Maana ya mzee anayewarubuni mabinti tumeizoea juzi tu, kwa matangazo ya redio.) Kama bunduki ni gumegume, cheche hutoka kwenye jiwe. Kila mlio mmoja unadai kazi yote hiyo upya.

Sisi wapenzi wa historia tukisoma vita vya Unyamwezi huwa tunahesabu bunduki. Fulani alikuwa nazo mia ngapi, mwenzake elfu ngapi. Mimi naona tunahesabu kitu kisicho chenyewe. Cha kuhesabu ni baruti.

Toka Ushetu ushuke kusini, utapita Ulyankulu kabla ya kufika Urambo, makao ya Mtemi Mirambo. Agosti 1871 Waarabu wa Tabora waliivamia Ulyankulu, wakateka pembe za ndovu na watu, wakaanza safari ya kurudi. Mirambo akawavizia njiani. Stanley, aliyekuwa upande wa Waarabu katika vita hiyo, ameandika jinsi kiongozi wao kijana, Soud bin Sayd, alivyokufa. Alifyatua mara mbili, akaua wawili, na alikuwa anashindilia tena mkuki ulipompitia mwilini. Basi hebu tuache ile hadithi kwamba bunduki ilifika bara na mkuki ukaisha kazi siku hiyohiyo. Mkuki uliishi muda wote ambao mtu alihitaji kujaza mtutu.

Lakini kushindilia kulikuwa na faida yake. Gobore si bunduki ya kuchagua chakula. Ukikosa risasi ya dukani, kipande cha chuma kinatosha, na nchi yetu haikukosa wahunzi. Warongo wa upande wa Geita walikuwa mabingwa wa kuyeyusha chuma. Kasoro ilikuwa moja tu, nayo ni kubwa: baruti. Ilitoka ng'ambo, ikashuka Zanzibar, ikabebwa na misafara hadi Tabora. Na Tabora ndiko walikokaa maadui wa Mirambo. Ukimtazama hivyo, vita yake ya kutaka kuishika njia ya misafara haionekani tena kama tamaa ya hongo peke yake. Mwenye njia ndiye mwenye baruti.

Aprili 1876 Stanley alirudi Unyamwezi, safari hii akachanjiana damu na Mirambo mahali alipopaita Serombo. Katika zawadi alizompa ndugu yake mpya kulikuwa na bastola na risasi 200. Zawadi ya kiungwana kabisa! Ila mia mbili zikiisha, je?

Huko Marekani swali hilo lilikuwa limeshapata jibu. Winchester walitoa bunduki yao ya risasi za .44-40 mwaka 1873, na 1878 Colt wakatoa bastola inayokula risasi hizohizo. Mtu akabeba mkanda mmoja kwa silaha mbili. Tena maganda ya shaba hayakutupwa. Vifaa vya kuyajaza upya viliuzwa, mkulima akakaa mezani kwake jioni, akatia fataki mpya, baruti na risasi. Naye alikuwa anashindilia, kwa namna yake, lakini duka lilikuwa upande wake. Urambo hapakuwa na duka hilo. Bastola bila risasi zake ni pambo, wakati gobore angalau linakubali chuma cha mhunzi.

Mirambo alifariki 1884. Miaka sita baadaye mataifa yalikutana Brussels, na kwa jina la kupambana na biashara ya utumwa yakazuia silaha mpya na risasi zake kuingia sehemu kubwa ya Afrika. Gumegume na baruti ya kawaida viliweza kuruhusiwa, chini ya usimamizi wa serikali. Someni vizuri hapo: Mwafrika aliachiwa kushindilia, na ufunguo wa ghala ukashikwa na mkoloni. Januari 1893 Wajerumani walipoivunja ngome ya Mtemi Isike pale Tabora, aliilipua baruti yake mwenyewe kuliko kuwaachia.

Magobore hayajaisha. Polisi wakionyesha silaha walizokamata, mara nyingi yamo. Watu huyacheka kama mabomba ya maji. Mimi siyacheki. Na safari nyingine ukimkuta Stanley, au yeyote yule, anakuhesabia bunduki za mtemi, muulize kwanza baruti ilikuwa ghalani kwa nani.