Wapangaji wa Ghorofa ya Pili

Kibao kilichotundikwa karibu na mapokezi kinasema nyumba hii ilijengwa karne ya 19 na mfanyabiashara wa Kihindi, kwamba mlango wake ulichongwa kwa mkono, na kwamba ilikarabatiwa miaka ya 1990 kwa kuheshimu asili yake. Kati ya tajiri huyo na ukarabati hakuna kitu. Nilikisoma mara mbili, mkononi nina juisi ya ukwaju niliyokaribishwa nayo, nikiitafuta miaka ya katikati. Ndiyo miaka aliyoishi bibi yangu hapa. Mama yangu amezaliwa ghorofa ya pili.

Nilikuja kwa boti kutoka Dar es Salaam kulala usiku mmoja tu. Ulikuwa mwezi wa Mei, masika hayajaisha na bei zimeshuka, lakini chumba bado kilikula karibu theluthi ya mshahara wangu. Mama alipoambiwa alicheka mpaka akakohoa. "Unalipa dola kwenda kulala kwetu?"

Wageni wengi huujua Mji Mkongwe kama mji wa masultani. Huoneshwa Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash, huoneshwa Ngome Kongwe, hupelekwa Mkunazini kwenye kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873. Halafu hadithi inaruka mpaka kwenye utalii. Lakini baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964, wenye majumba wengi, Waarabu na Wahindi, waliuawa, walifukuzwa au walikimbia, na serikali ikazitaifisha nyumba nyingi. Zikaingia familia kutoka Ng'ambo, kutoka mashamba, kutoka Pemba. Jumba la familia moja likawa la familia sita au nane, kila moja na chumba chake, wote wakitumia ua mmoja na choo kimoja.

Bibi alitoka Makunduchi mwaka 1965, na mume na mtoto mchanga. Kabla ya hapo hakuwahi kulala ndani ya nyumba ya mawe. Mkono wa bahari uliokuwa ukiugawa mji ulikuwa pia mpaka wa matabaka: huku mawe na chokaa, kule udongo na makuti. Hotuba za wakati ule hakuzikumbuka hata moja. Alichokikumbuka ni ngazi, jinsi alivyoogopa kuzipanda na mtoto mgongoni. Na alikumbuka kwamba ndani ya kidaka kimoja ukutani alikuta kichupa cha wanja, bado kina wanja. Hakukitupa, hakukitumia. Kilikaa pale pale miaka yote, na watoto walikatazwa kukigusa.

Chumba changu ni chembamba na kirefu, kama vyumba karibu vyote vya mji huu. Upana wake uliamuliwa na mti. Dari zinashikiliwa na boriti za mkoko, na boriti haivuki mbali: mita tatu hivi, basi. Ndiyo miti iliyokuwa ikipakiwa majahazini kutoka delta ya Rufiji mpaka Oman na Ghuba, ambako nako iliezekea nyumba nyembamba. Tajiri alinunua samani za kila bara, lakini chumba kipana hakukipata.

Kuta ni mawe ya matumbawe na chokaa, na adui yake mkubwa ni maji. Paa likivuja, chokaa hulegea, boriti huoza pale zinapoingia ukutani, na siku moja sakafu inashuka. Nimesoma maelezo mengi ya uchakavu wa Mji Mkongwe ambamo lawama huwaangukia wapangaji: walijazana, walipikia makaa vyumbani, walipandisha maji kwa ndoo. Ni kweli walifanya hivyo. Lakini mwenye nyumba alikuwa serikali, kodi aliyotoza haikutosha kununua hata bati, na wapangaji hawakuwa na ruhusa wala uwezo wa kulifumua paa. Bibi alikuwa na sufuria tatu za kukingia mvua, kila moja na mahali pake.

Mamlaka ya kuuhifadhi mji iliundwa mwaka 1985, biashara ikafunguliwa, na serikali ikaanza kuuza nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 bibi alipewa notisi, akahamia Jang'ombe. UNESCO ilipouandika Mji Mkongwe kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, alikuwa akiuza maandazi barazani kwake, upande wa pili wa barabara. Siwezi kusema waliomnunulia jumba walikosea. Wameliokoa. Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib ilianguka, tena ikiwa katika matengenezo. Ninachodai ni mstari mmoja kwenye kibao. Kijana wa mapokezi, ambaye humwambia kila mgeni "karibu nyumbani", alinisikiliza kwa adabu, akasema atalifikisha kwa meneja.

Usiku mvua ilishuka. Nilimpigia mama kwa video, nikamzungushia simu chumba kizima: kitanda cha nguzo nne, chandarua, kiyoyozi. Hakutambua kitu. Nilipofika dirishani akaniambia nisimame.

"Rudi kushoto. Chini. Hapo kwenye kidaka."

Wameweka taa ndogo ya shaba humo. Akanyamaza kidogo.

"Kichupa hakipo?"

"Hakipo, mama."

"Alikiacha makusudi, siku tunahama. Alisema si chake." Halafu akasikiliza mvua kwenye simu yangu. "Inavuja?"

Nikatazama boriti zote, moja moja, kuanzia mlangoni.

"Haivuji."

"Sogeza kitanda hata hivyo," akasema. "Pale ulipo ndipo palipokuwa na sufuria kubwa."