Mama hamchekei mtoto wake: huenda ni sonona, si kukosa upendo

Siku ya kliniki mtoto hupandishwa kwenye mzani, uzito wake huandikwa kwenye kadi, hupewa chanjo, kisha mama humfunga mgongoni na kurudi nyumbani. Mara nyingi hakuna aliyemuuliza mama mwenyewe anaendeleaje. Katika makala haya tunaeleza sonona ya mama aliyejifungua, jinsi inavyomgusa mtoto, na kile ambacho familia inaweza kufanya.

Sonona ni nini?

Siku chache baada ya kujifungua, wanawake wengi hulia bila sababu na kukosa raha. Hali hiyo kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Sonona ni tofauti. Huzuni, au kukosa hamu ya kila kitu, hudumu kwa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku. Mama hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala. Chakula hakipiti. Anachoka kupita kiasi, anajilaumu na kujiona hafai kuwa mama. Inaweza kuanza tangu wakati wa ujauzito, au miezi kadhaa baadaye, arobaini ikiwa imeshapita na wageni hawaji tena.

Shirika la Afya Duniani, WHO, linaeleza kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Hatari huongezeka palipo na umaskini, kipigo nyumbani, mimba isiyotarajiwa, au pale mama anapokosa mtu wa kumsaidia. Huu ni ugonjwa. Si uvivu wala kiburi.

Mtoto anajuaje?

Mtoto mchanga hajui maneno, lakini anazungumza kwa macho, sauti, tabasamu na kilio. Akitabasamu, mama naye hutabasamu. Akilia, mama humbembeleza. Kwa njia hiyo mtoto hujifunza kwamba akiita ataitikiwa, na kidogo kidogo hujifunza kutulia.

Mwaka 1978 mtaalamu wa Marekani, Edward Tronick, na wenzake walichapisha jaribio linalotajwa hadi leo. Mama alicheza na mtoto wake kama kawaida, kisha kwa dakika chache akamtazama bila kuonyesha hisia yoyote usoni. Watoto walijitahidi kumrudisha kwa tabasamu na sauti. Waliposhindwa, waligeuza uso na kunyong'onyea.

Mama mwenye sonona hafanyi hivyo kwa makusudi. Wengine hunyamaza, humnyonyesha mtoto bila kumtazama, au huchelewa kusikia kilio. Wengine huwa na papara, humshika kwa nguvu na kukasirika haraka. Hata mama mwenye afya njema hawezi kuitikia kila mara, na hilo halimdhuru mtoto, mradi amrudie na kumtuliza. Shida huja pale ukimya au papara inapodumu kwa miezi. Baadhi ya watoto huwa wagumu kutulia, au huchelewa kuzungumza na kujifunza.

Msaada unafanya kazi

Khayelitsha ni makazi ya watu wa kipato cha chini karibu na Cape Town, Afrika Kusini. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1999 ulikuta zaidi ya theluthi moja ya akina mama huko wakiwa na sonona miezi miwili baada ya kujifungua. Baadaye, wanawake wa eneo hilo hilo, wasio wataalamu, walipewa mafunzo ya kuwatembelea wajawazito nyumbani na kuendelea hadi mtoto afikishe miezi 6. Walimsikiliza mama, wakamwonyesha pia mambo ambayo mtoto wake tayari anaweza: kugeukia sauti, kufuata uso kwa macho, kujituliza.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2009, baada ya kufuatilia wanawake 449. Waliotembelewa waliitikia watoto wao kwa upole zaidi. Walipofika miezi 18, watoto 74 kati ya kila 100 walikuwa na uhusiano wa kujiamini na mama zao, dhidi ya 63 kwa wasiotembelewa kwa namna hiyo.

Vijijini Pakistan nako, wahudumu wa afya wa jamii walifundishwa kuzungumza na akina mama wenye sonona. Mtoto alipofika miezi 6, asilimia 23 ya akina mama hao bado walikuwa na sonona. Katika kundi lililotembelewa bila mazungumzo hayo, ilikuwa asilimia 53.

Nyumbani tufanye nini?

Mzazi hukandwa, hupikiwa mtori na uji wa pilipili manga. Hayo ni mapenzi, na yaendelee. Tuongeze haya:

– Baba, mama mkwe au wifi ampokee mtoto ili mama alale.
– Msikilize bila kumwambia "vumilia, wenzio wamezaa kumi".
– Akiwa na nguvu kidogo, amtazame mtoto wakati wa kunyonyesha, aitikie sauti yake. Dakika chache zinatosha kuanzia.
– Hali ikipita wiki mbili, mpeleke zahanati au mwite mhudumu wa afya wa jamii. Kuna ushauri na zipo dawa ambazo mhudumu anaweza kumchagulia mama anayenyonyesha. Asiache kunyonyesha wala dawa bila kuuliza.

Akizungumzia kufa au kumdhuru mtoto, akisikia sauti ambazo wengine hawasikii, au akikesha siku kadhaa huku akisema mambo yasiyoeleweka, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Ukienda kumwona mzazi wiki hii, ukishambeba mtoto, mgeukie na mama yake. Muulize, "Na wewe, unalala? Moyo wako ukoje?" Kisha kaa usubiri jibu.