Nani Ameshika Ufunguo? Historia Fupi ya Tovuti ya Duka Moja Kampala

Likizo iliyopita senga wangu, yaani shangazi, ambaye hushona gomesi Wandegeya, aliniomba niitengeneze upya tovuti ya duka lake. Bei zilizoandikwa humo zilikuwa za zamani, na mteja mmoja alikuwa ameshagombana naye kwa sababu hiyo. Senga hakuweza kuzibadilisha. Fundi aliyeijenga tovuti ndiye pekee aliyejua neno la siri, naye hakupatikana tena.

Nilidhani kazi yangu ni ya kiufundi tu. Kadiri nilivyoendelea, niliona kwamba ni swali la historia. Katika insha hii ninadai kwamba historia ya kurahisisha tovuti ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya nani ameshika ufunguo.

Tim Berners-Lee alipoanzisha tovuti ya kwanza mwaka 1991, kurasa ziliandikwa kwa msimbo, mstari kwa mstari. Mwenye duka asiyeujua msimbo huo alimtegemea fundi kwa kila badiliko. Kisha zikaja programu za kumwezesha mtu wa kawaida kuandika mwenyewe: WordPress mwaka 2003 na Joomla mwaka 2005. Jina Joomla limetokana na neno letu "jumla". Programu hiyo ilizaliwa katika mgogoro: wasanifu wa mradi wa Mambo walijitenga na kampuni ya Australia iliyomiliki jina hilo, wakibishania nani auongoze mradi. Hata huko, ugomvi ulikuwa wa ufunguo.

Tovuti ya senga ilikuwa ya Joomla. Kosa halikuwa la programu yenyewe. Senga hakukabidhiwa neno la siri wala kufundishwa kuitumia, na vitufe vyake vingi vilimtisha.

Kwa upande wa Uganda, mkongo wa SEACOM ulifika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 2009, na utegemezi wetu wa setilaiti ukaanza kupungua. Simu za kisasa zilipoenea, wafanyabiashara wengi walihamia Facebook, kwa kuwa ukurasa wake ni bure na hauhitaji fundi. Senga pia alifanya hivyo. Lakini Julai 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa matumizi ya mitandao ya kijamii. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, mitandao hiyo ilifungwa, kisha intaneti yote ikazimwa kwa siku kadhaa. Intaneti iliporudi, Facebook ilibaki imefungwa. Picha za gomesi ambazo senga aliziweka huko hazikuonekana tena bila VPN. Njia iliyokuwa rahisi kuliko zote ndiyo ambayo ufunguo wake ulikuwa mbali naye zaidi.

Kwa hiyo tulijenga upya kwa WordPress. Kurasa 11 zikawa 3: bei, picha, na mawasiliano. Jina la zamani la tovuti hatukulipata, tukalipia jipya kwa jina la senga mwenyewe. Nilitaka kuufuta ukurasa unaosimulia alivyoanza na cherehani moja ya kuazima. Akanikatalia: "Mwanangu, unasoma historia halafu unataka kufuta yangu?" Niliona aibu. Maneno yale tuliyanakili, yakawekwa chini ya picha.

Uhuru huu si kamili. Tovuti bado imo katika seva ya kampuni, na ada isipolipwa itafungwa. Ndiyo maana tumehifadhi nakala yote katika flashi. Hata hivyo, neno la siri sasa limeandikwa katika daftari la vipimo vya wateja, ambalo senga hulifungia kabatini. Wiki iliyofuata alibadilisha bei ya gomesi ya hariri kwa simu yake, akiwa dukani, bila kuniita.